Gego la Baba Watoto

Jino moja la juu, gego la upande wa kushoto, liliivuruga nyumba yetu kipupwe kizima. Baba watoto alikuwa ametibiwa mzizi wa jino hilo katika kliniki inayotoa huduma za afya za umma (NHS) hapa Uingereza, akalipa pauni 75.30, ada ya kundi la pili la tiba za meno iliyoanza Aprili 2025, tukajua yamekwisha. Baridi ilipoingia, kipele kikamtoka kwenye ufizi, juu ya jino lile lile. Kikipasuka, usaha unatoka na maumivu yanapoa. Kikijifunga, shavu linavimba mpaka jicho linaingia ndani.

Mwenye jino akikesha, nani analala? Chapati zikaachwa, tukawa watu wa uji na viazi vya kuponda. Watoto wakajifunza kufunga milango polepole. Mama mkwe akapiga simu kutoka Tanga kila jioni: "Mwanangu, mtilie karafuu, halafu mpelekeni akang'olewe. Jino likishaoza halina dawa nyingine." Karafuu tulitia, na namshukuru mama, maana mafuta yake hutuliza kweli, hata madaktari wa meno wana dawa za kuzibia zinazochanganywa na kiini cha mafuta hayo. Lakini kutuliza si kuponya. Antibiotiki nazo zilishusha uvimbe tu. Jino lililotolewa kiini halipitishi damu ndani yake, kwa hiyo dawa haiwafikii wadudu waliobaki humo.

Shemeji yangu akasema twende kwa daktari bingwa wa kulipia. Tukauliza bei. Kurudia gego moja ni mamia ya pauni, na kwa mabingwa wengine huvuka elfu. Sisi tuna kodi ya nyumba na watoto wa shule.

Aliyetufungulia njia ni binti yetu mkubwa. Alikaa na simu yake mezani, akasoma masharti ya ada za meno, akaita: "Baba, hujamaliza mwaka!" Sheria hapa ni kwamba mzizi uliozibwa ukiharibika ndani ya miezi 12, kliniki iliyofanya kazi hiyo huirudia bila malipo. Wagonjwa wengi hawaijui haki hii, na inaniuma kwamba hatukuambiwa siku ile tulipolipa. Ina mipaka yake: huipati ikiwa daktari alikuonya mapema kwamba tiba ile ni ya muda tu, ikiwa jino limevunjika kwa ajali, au ikiwa daktari mwingine ameshaligusa. Ndiyo maana nilimsihi Baba watoto asilifungulishe kwingine, hata usiku ule alipokuwa anatembea sebuleni ameshika shavu.

Mapokezi waliniambia tutalipa upya. Nikawasomea tarehe ya risiti, kwa adabu, nikaomba wamuulize daktari. Tukapewa miadi bila ada.

Daktari alipiga picha ya eksirei, akaigeuza skrini ili nasi tuone. Kwenye ncha ya mzizi palikuwa na kivuli cheusi, cha mviringo. "Hapa mfupa umeliwa," akasema. Akatueleza kwamba gego la kwanza la juu mara nyingi lina mifereji minne, na wa nne ni mwembamba kama uzi, rahisi kuukosa. Kisha akataja njia zilizopo. Jino linaweza kufunguliwa, uzibaji wa zamani ukatolewa, likasafishwa na kuzibwa upya. Ikishindikana, ufizi hupasuliwa, ncha ya mzizi ikakatwa kama milimita 3 na kuzibwa kwa upande wa juu. Jino lisilouma, ambalo kivuli chake hakikui, linaweza kuachwa na kupigwa picha mara kwa mara. Na kung'oa kupo daima. Ila pengo nalo lina gharama: daraja la meno au meno ya bandia ni kundi la tatu la ada, pauni 326.70 kwa viwango vya mwaka huo, na jino la kupandikiza NHS hulilipia kwa wachache tu, kama waliougua saratani ya mdomo.

Nilimheshimu alipokiri kwamba hana darubini ya kuutafuta mfereji ule. Akaandika barua ya rufaa kwenda kwa mabingwa wa hospitali. Tulingoja sana, na uji tukaunywa sana. Bingwa aliuona mfereji wa nne, akausafisha, akaziba. Kipele hakikurudi.

Jirani yetu yeye aling'oa lake, wala hakukosea: mzizi ulikuwa umepasuka kwa urefu, na jino la namna hiyo kwa kawaida haliokoki. Kwa hiyo usikatae kung'oa, wala usikubali kabla ya kuonyeshwa picha na kuambiwa kwa nini tiba ya kwanza ilishindwa. Omba njia zote na gharama zake kwa maandishi. Kliniki ikikunyima haki ya miezi 12, andika malalamiko kwao au kwa bodi ya afya ya eneo lako. Usiporidhika na jibu, mpelekee Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko ya huduma za afya. Na risiti ya daktari wa meno, ndugu yangu, usiitupe kabla mwaka haujaisha.