Uchaguzi Unaofanywa Mdomo Ukiwa Wazi

Miongoni mwa maamuzi ambayo mtu mzima hutakiwa kuyafanya kwa akili timamu, ni machache yanayofanywa katika hali ya unyonge kama ule wa kuchagua kitu cha kuzibia jino lililotoboka, kwa kuwa swali lenyewe mara nyingi huulizwa baada ya mgonjwa kulazwa chali, taa ikamkaza macho, mrija wa kunyonya mate ukaning'inizwa pembeni mwa mdomo, na ulimi, ambao ndio ungejibu, ukawa umekwisha kulala kwa sindano ya ganzi. Jibu pekee linalopatikana hapo ni "aah", nalo daktari hulifasiri kwa uhuru mkubwa.

Cha kwanza kutajwa ni amalgamu, mchanganyiko wa metali ambao takriban nusu ya uzito wake ni zebaki na sehemu iliyobaki ni fedha, bati na shaba. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambao wakazi wake waliathiriwa vibaya na zebaki, ulizitaka nchi zipunguze matumizi ya amalgamu. Lakini mgonjwa wa kawaida, hata akisikia kwamba zebaki hiyo ndiyo wachimbaji wadogo wa dhahabu hukamatia madini, huwa na hofu moja tu, nayo ni weusi utakaoonekana atakapocheka katika picha za harusi.

Ndipo hugeukia kompositi, yaani plastiki iliyochanganywa na unga laini wa kioo, ambayo hupakwa ikiwa laini kisha ikagandishwa kwa mwanga wa buluu. Uzuri wake ni kufanana na jino, na hapo ndipo aibu inapoanzia, kwa sababu ili ifanane ni lazima rangi ya jino ipimwe kwa kibao chenye meno bandia yaliyopangwa kwa rangi zake, kuanzia A1 na kuendelea. Mgonjwa aliyeingia akijihesabu kuwa na meno meupe humwona muuguzi akiipita A1 bila kusita, akaipita A2, akasimama penye rangi ambayo miaka mingi ya chai ya rangi imeichangia kwa uaminifu, tena akaitaja kwa sauti ili iandikwe.

Ipo pia saruji ya ayonoma ya kioo, inayojishikiza yenyewe kwenye jino na kutoa floridi kidogo kidogo, ingawa haistahimili sana utafunaji mzito wa magego. Saruji hiyo hutumika pia katika mbinu iliyoiletea Tanzania sifa isiyosimuliwa vya kutosha, kwani katikati ya miaka ya 1980 ndiko ilikoanzia, nayo ni ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba bila mashine wala umeme.

Mwisho huja karatasi ya rangi. Mgonjwa huambiwa aume, asugue, kisha aseme kama kuna mahali palipoinuka, naye, ambaye kwa wakati huo hana hakika hata kama mdomo wa chini bado upo, hujibu kwamba pako sawa. Ganzi ikiisha jioni, hugundua kwamba katika meno yake yote ni hilo moja tu linalokutana na mwenzake, na kesho yake hurudi kusawazishwa, kazi ya dakika chache isiyohitaji hata sindano, isipokuwa foleni yake ni ileile.