Hedi ya turbo na barabara ya Kabambare: mambo saba, kuanzia la mwisho

Injini ya Prado ya miaka ya 1990, ile 1KZ-TE ya lita 3.0, ikifunguliwa kwenye garaji ya Kasongo, Maniema, washauri huwa wengi kuliko spana. Dereva anataka nguvu. Mwenye gari anataka bei ndogo. Fundi anataka watu wote wamwondokee kwenye mwanga. Mimi nataka hedi itakayofika Kabambare na kurudi.

Barabara yetu ina adabu yake. Masika gari linakwenda polepole kwenye tope, limebeba kupita kiasi, turbo inasukuma, na upepo wa kupoza rejeta haupo. Joto lote linakaa juu, kwenye hedi ya aluminiamu. Kwa hiyo orodha hii inapanga vitu kwa namna vinavyostahimili joto. Wapenda mbio wavumilie kidogo.

7. Kamshafti ya mashindano

Yaya, unashindana na nani? Na lori la mihogo? Hilo limekwama tangu jana, umeshashinda.

Kamshafti ya mbio hutoa faida yake injini ikizunguka kasi sana. Upande wa mto Luama unatafuta nguvu ya chini, gia ya kwanza, mguu mtulivu. Pima kamshafti yako ya zamani. Kama haijalika, irudishe. Pesa hiyo ina kazi huko mbele.

6. Kupanua njia za hewa

Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipata hataza ya turbo mwaka 1905, na wazo lake lilikuwa kuutumia moshi unaotoka ili usukume hewa inayoingia. Hewa yako, basi, tayari ina mtu wa kuisukuma mgongoni. Lainisha kingo kali zilizobaki kiwandani, linganisha mdomo wa manifoldi na gasketi yake, kisha weka grainda chini. Ukuta kati ya njia ya hewa na njia ya maji ni mwembamba, na kijana mwenye grainda na hamu ni hatari kuliko mazutu yaliyotiwa maji.

5. Springi za valvu

Hapa ndipo wenye kuongeza presha ya turbo hujisahau. Chukua valvu ya kuingizia hewa yenye kipenyo cha milimita 40. Presha ya baa 1 mgongoni mwake inaisukuma kwa nguvu ya karibu kilo 13, kuelekea kufunguka. Springi iliyochoka haiwezi kubishana na kilo 13. Valvu inachelewa kukaa, moto unapenya pembeni, siti inaungua.

Kama presha unaiacha kama ilivyotoka kiwandani, springi mpya za kawaida zinatosha. Zipange zote juu ya kioo kando kwa kando: iliyo fupi au iliyoinama utaiona kabla hujatafuta kipimo. Mwenye gari akikuambia "nyingine ni nzima, badilisha moja tu", mwambie springi ni kama viatu, hakuna anayenunua mguu mmoja.

4. Mirija ya valvu na sili zake

Papa anayesema gari lake "linakula oili kidogo tu" ndiye huyo anayeonekana na kijiji kizima kabla hajafika, kwa moshi wa buluu. Nyanyua valvu kidogo kutoka kwenye siti yake, itikise pembeni kwa vidole viwili. Ikicheza, mrija umekwisha. Kuweka sili mpya juu ya mrija uliolika ni kumvisha mgonjwa koti.

Mirija ya shaba nyeusi hupitisha joto vizuri kuliko ya chuma cha kalibu, na shina la valvu ya egzosi linahitaji sana kupoa. Nayo shaba nyeusi ni shaba na bati. Shaba inatoka Katanga, bati imechimbwa Kalima hapahapa Maniema. Nikishika mrija huo mkononi, umetoka dukani ndani ya karatasi yenye maandishi ya kigeni, huwa najisikia kuulizia habari za nyumbani.

3. Valvu za egzosi na siti zake

Sasa tumefika jikoni. Injini ya mapigo manne ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 2,000 katika dakika hiyo, na ya egzosi inafanya hivyo katikati ya moto. Sehemu kubwa ya joto lake hutoka kupitia siti, katika ule muda mfupi ambao valvu imefunga. Siti mbaya ni valvu iliyohukumiwa.

Tafuta valvu ambayo uso wake umefunikwa kwa Stellite, mchanganyiko mgumu wa kobalti na kromiamu ambao Mmarekani Elwood Haynes aliupatia hataza mwaka 1907. Kobalti, unajua mwenyewe: inatoka Kolwezi. Halafu saga valvu na siti hadi uone duara la kijivu, upana mmoja kuzunguka kote, bila kukatika. Likikatika hata pahali padogo, saga tena. Chai itakusubiri.

Na nafasi ya valvu uipime injini ikiwa baridi, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Ya egzosi huachiwa nafasi kubwa zaidi kwa sababu shina lake linarefuka likipata moto. Anayezibana "zisipige kelele" ananunua ukimya wa wiki chache.

2. Gasketi na boliti

Hedi yako ni aluminiamu, bloki ni chuma cha kalibu. Zipashe zote mbili joto la nyuzi 80 zaidi: hedi ya urefu wa nusu mita inarefuka kwa karibu milimita moja, bloki kwa nusu yake tu. Kila safari zinavutana hivyo, na aliye katikati ni gasketi.

Wauzaji wanasifu gasketi ya chuma ya tabaka nyingi, na sifa hizo inazistahili, lakini inataka uso laini sana juu na chini. Hedi utaipeleka Bukavu au Goma ikasawazishwe kwa mashine. Bloki je, utaibeba mgongoni? Kama bloki haitasawazishwa, chukua gasketi ya aina inayosamehe mikwaruzo midogo. Unene wake unachaguliwa kwa kupima pistoni zimechomoza kiasi gani juu ya bloki. Usinunue kwa kukisia.

Boliti ziwe mpya. Za zamani zimeshavutika, na turbo inazivuta tena. Safisha matundu yake kabisa, maana oili iliyobaki chini inaweza kupasua bloki unapokaza. Anza katikati, elekea nje, kwa hatua za kitabu. Fundi anayekaza "kwa kusikia mkono" tumwombee mkono huo uongoke.

1. Hedi yenyewe

Vyote vya juu vinakaa ndani ya kitu kimoja, na 1KZ-TE inajulikana duniani kote kwa kupasua kitu hicho: kati ya valvu mbili, na kwenye vyumba vidogo vya moto. Kabla ya kununua hata springi moja, ijaribu. Ziba njia zote za maji, ingiza hewa kwa kompresa, izamishe kwenye pipa la maji ya moto, tazama. Mapovu membamba yakipanda mfululizo kutoka kati ya valvu, hakuna mjadala.

Utaambiwa inachomeleka. Ufa wa hapo ukichomelewa, moto unaurudia mahali palepale, na utapasuka katikati ya msitu, usiku, wewe ukiwa na mama wajawazito wawili nyuma. Nunua hedi mpya, uliza kama kalibu yake imeimarishwa kati ya valvu, na uijaribu pia kwenye pipa. Upya si cheti. Badilisha pampu ya maji na thermostati, safisha rejeta, tia kipozeo kilichochanganywa na maji ya mvua yaliyokingwa safi. Maji ya mto yanaacha tope ndani ya njia nyembamba za hedi.

Kwa mwenye pesa ya kitu kimoja tu: hedi mpya, gasketi na boliti zake, na kazi yote ifanyike Juni hadi Agosti, wakati barabara ni kavu na gari linaweza kukaa chini bila watu kukosa safari.