Tuisifu Faini ya Mia Tano

Wapo waliosifu mvua, wapo waliosifu ng'ombe, na huku Ukuryani anayemsifu ng'ombe hajakosea. Mwaka 1511 msomi mmoja wa Kiholanzi, Erasmus, alichapisha kitabu kizima cha kuusifu upumbavu, na wasomi wenzake wakakinunua. Basi kama upumbavu umepata wa kuusemea, sioni kwa nini faini ya shilingi 500, ile inayotozwa kwenye vikundi vya kuweka na kukopa vya akina mama kuanzia Sirari hadi Mugumu, iendelee kusengenywa kila Jumamosi bila wakili. Najitolea mimi. Silipwi, nimeshalipa.

Mwanamke akihamia Tarime au Serengeti, awe mwalimu, muuguzi, mke wa askari, mke wa mfanyakazi wa mgodi kule Nyamongo au bibi harusi aliyetoka ukoo wa mbali, jirani atampeleka kikundini kabla hajamaliza kufungua mabegi. Kikundi chenyewe ataambiwa ni VICOBA. Akiwa upande wa Serengeti, vijiji vinavyopakana na hifadhi, huenda akaambiwa ni COCOBA, benki ya kijamii ya uhifadhi. Mbegu ya mambo haya ilipandwa Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, ikasafiri hadi kwetu, ikaota. Atalikuta sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake zimekabidhiwa akina mama watatu tofauti ili asipatikane mmoja wa kulifungua usiku. Atapewa namba, atapewa daftari dogo, atanunua hisa na kila hisa itagongewa muhuri. Yote haya yana wakufunzi wake, mabango yake na wafadhili wake. Faini peke yake ndiyo haina semina. Hakuna mtaalamu aliyewahi kutoka Dodoma kuja kutufundisha kutozana.

Tuseme ukweli kuhusu mapokezi. Siku ya kwanza mgeni hupokewa vizuri mno. Anapigiwa makofi, anaombewa dua, anapewa kiti cha plastiki wakati wenye kikundi wanabanana kwenye benchi. Anaambiwa "jisikie uko nyumbani", maneno ambayo nyumbani kwake hajawahi kuambiwa. Wiki ya pili hali ni ile ile: akisema, wote wananyamaza; akikosea, wote wanaangalia chini. Huo si uanachama, huo ni ugonjwa, maana mgonjwa ndiye anayetendewa hivyo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Kwetu jembe hupewa siku hiyo hiyo, hakuna anayelisubiri. Kinachosubiriwa ni sauti ya mtunza nidhamu ikisema, "Namba kumi na tisa, simu yako imeita. Mia tano."

Hapo ndipo mtu anapozaliwa upya. Mgeni anaangaza macho huku na huku akitafuta atakayemtetea, hampati. Jirani aliyemleta anasoma daftari lake kwa makini kama mwanafunzi wa darasa la saba. Bakuli la bati lililobanduka rangi linapitishwa, sarafu inadondoka, na kwa mara ya kwanza wenzake wanamcheka waziwazi. Anayechekwa waziwazi amekwisha kuwa mwenzetu. Jioni hiyo hiyo ataombwa chumvi.

Sarafu yenyewe ina heshima zake. Upande mmoja yupo Mzee Karume, upande wa pili nyati, na kwa watu wa Serengeti, ambao nyati wanamjua kwa kuharibiwa mashamba, kumtoa mnyama huyo mfukoni na kumtumbukiza bakulini ni kisasi cha halali.

Nikija kwenye makosa yenyewe, hapa sheria zetu zimeipita hata mahakama kwa upana. Kuchelewa ni faini. Kuja bila kitenge cha sare ni faini, na kukivaa kimekunjwa kunajadiliwa. Kuongea bila kunyoosha mkono, faini. Kumjibu aliyeongea bila kunyoosha mkono, faini pia, maana umemtia moyo. Kusahau salio la mfuko wa jamii la wiki iliyopita ni faini, nayo naiona ndiyo bora kuliko zote. Kwenye ofisi kubwa mahesabu hukaa kwenye kabati la mhasibu, naye akiugua hesabu zinaugua naye. Kikundini mama asiyejua kusoma anaulizwa papo hapo mfuko una shilingi ngapi, naye anataja mpaka mia ya mwisho, kwa sababu ameshakariri njiani huku amejitwika ndizi. Mweka hazina atakayetaka kuiba itabidi kwanza awafanye watu 25 wasahau kwa pamoja.

Kikundi nilichomo sikitaji jina. Kutoa siri za kikundi ni faini ya elfu mbili.

Faini haiulizi ukoo, na hiyo ndiyo sifa yake niipendayo, hapa sitanii sana. Mgeni wa Tarime, kabla ya kuulizwa kazi yake, huulizwa ni wa wapi. Na "wapi" hiyo maana yake ni Mwiregi, Mnchari, Mtimbaru, Mnyabasi au Mkira? Akivuka kwenda Serengeti ataulizwa kama ni Mnata, Mwikoma, Mwisenye au Mngoreme. Baadhi ya koo zimewahi kugombania ardhi mpaka damu ikamwagika, na ugomvi wa namna hiyo, pamoja na wizi wa mifugo, umechangia Tarime na Rorya kufanywa kanda maalumu ya polisi. Mabaraza ya usuluhishi yameitishwa, wazee wamekula kiapo. Na sisi pale chini ya mwembe mama wa ukoo huu na mama wa ukoo ule wanachelewa pamoja kwa sababu walikuwa wanapiga soga njiani, na wanatozwa pamoja. Mwalimu Nyerere, ambaye Butiama kwake ni jirani tu, alihubiri usawa wa binadamu miaka mingi kwa maneno matamu. Faini imeutekeleza bila hotuba.

Tena haikuulizi ulitolewa ng'ombe wangapi. Huku kwetu idadi hiyo hukumbukwa kuliko siku ya harusi. Mama mwenye nyumba ntobhu, yaani aliyemtolea binti mahari ili amzalie watoto wa nyumba yake, anakaa benchi moja na binti huyo kikundini. Nyumbani yeye ndiye mwenye mji. Wakichelewa pamoja wanalipa mia tano mbili, si moja. Mama mkubwa aliwahi kuhoji, kwa heshima zote, iweje nyumba moja ilipe mara mbili. Mtunza nidhamu, binti mdogo tu wa umri wa mwanawe, akamjibu kwamba bakuli halijui nyumba, linajua namba. Wakalipa.

Najua hoja za wapinzani. Wanasema faini haina masikio, na kweli haina. Mama aliyechelewa kwa sababu mume alificha daftari la hisa juu ya dari analipa sawa na aliyechelewa kwa sababu ya kusuka nywele. Hilo linauma, wala sitalipaka sukari. Lakini nimewaona wale waliojaribu kuipa faini masikio. Kikundi kile kilikubali kusikiliza sababu. Wiki ya kwanza ilikuja misiba miwili, ya pili misiba mitano, na marehemu mmoja, nasikia, alikufa mara mbili. Walipovunja sanduku mwisho wa mwaka, mfuko wa faini haukuweza kununua hata kreti ya soda. Kwa yule aliyefichiwa daftari, akina mama wana njia nyingine: wanamtoza kwanza, halafu wanatuma watu watatu wenye sauti kwenda kumsalimia mume. Kwa kawaida daftari hushuka lenyewe.

Wengine wanasema ni uonevu kumtoza maskini. Hao waende wakaulize bei ya mikopo ya kausha damu pale mjini, ile ambayo mtu anakopa asubuhi kununua dagaa na jioni wanakuja kumchukulia redio. Deni la faini linaanza saa nne na kuisha saa nne na dakika moja. Halina riba, halina dhamana, halimfuati mtu nyumbani. Serikali nayo ina mikopo yake ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni jambo jema. Ila Aprili 2023 ilisimamishwa, ikaja kurudi mwaka 2024. Faini haikusimama hata wiki moja. Na kikundi kinapokwenda kuomba mikopo hiyo kinadaiwa usajili, usajili unadai katiba, na katiba ya kikundi ukiondoa faini inabaki jina, anwani na sala ya kufungua.

Kuna mama mmoja muuza dagaa ambaye nadhani angestahili sanamu. Yeye huchelewa kila wiki, gari la mzigo kutoka Musoma halijali ratiba yetu, na kwa miezi mingi alikuwa akiingia, anatumbukiza mia tano bila kuambiwa, ndipo anakaa. Siku moja akatumbukiza elfu moja. "Hii ya leo, hii ya wiki ijayo." Kikao kilisimama karibu nusu saa. Je, faini inalipwa kabla ya kosa? Wazee wa kimila wangesema mtu halipi ng'ombe wa ugomvi ambao hajagombana. Mwisho ikapitishwa kwa kunyoosha mikono kwamba kulipa faini kabla ya kosa ni kosa, na faini yake ni mia tano. Akailipa kutoka kwenye ile ile elfu moja, na hesabu ikawa sawa.

Ukubwa halisi wa faini, hata hivyo, niliuona siku alipotutembelea mgeni mwenye cheo. Alikuja na msafara, akapewa kiti cha plastiki, akaanza kutueleza umuhimu wa nidhamu ya fedha. Simu yake ikaita. Sote tukaganda. Mwenyekiti akaangalia juu ya mwembe. Mtunza nidhamu akasimama, akanyoosha kitenge chake, akasema kwa sauti ya adabu kabisa: "Mheshimiwa, mia tano." Mgeni akapapasa mfukoni, akatoa noti ya elfu kumi, akasema mchukue yenu mnirudishie. Bakuli halikuwa na chenji. Mikono ikanyooshwa, na kwa kauli moja elfu tisa na mia tano zikaingia kwenye mfuko wa jamii kama mchango wa mgeni. Katibu akaandika. Mheshimiwa akapiga makofi pamoja nasi. Sijui angefanya nini kingine.

Kwa hiyo, dada unayehamia huku, siku ya kikundi nenda na sarafu, noti kubwa ziache nyumbani. Na usianze kwa kuuliza kikundi kina mtaji kiasi gani au kinakopesha mara ngapi ya hisa. Uliza kama mwenyekiti amewahi kutozwa. Kama hajawahi, jiunge na kikundi kingine.