Fatma, Fatuma au Fatima? Chagua Kabla ya Arubaini

Mtoto amezaliwa, ukoo umekubaliana apewe jina la bibi wa baba yake. Limebaki swali linalozua ubishi kuliko jina lenyewe: linaandikwaje? Fuata hatua hizi.

1. Acha kutafuta mshindi. Kwa herufi za Kiarabu, Fatma, Fatuma na Fatima ni jina moja lenye maandishi yale yale. Liligawanyika lilipoandikwa kwa herufi za Kilatini, kila mtu akafuata sikio lake. Ndivyo ilivyokuwa kwa Khamis na Hamisi, Othman na Athumani. Anayekwambia Athumani ni jina la kishamba, mpe chai, usimpe kalamu.

2. Uliza bibi aliitwaje. Kama majirani walimwita Fatuma maisha yake yote, kitukuu awe Fatuma. Ile “u” ya katikati ni mkono wa Kiswahili, kisichopenda konsonanti zibanane bila irabu. Anayerithi jina na arithi sauti yake.

3. Lijaribu uani. Simama mlangoni, uliite kama unavyomwita mtoto magharibi inapoingia. Kisha mwombe mtoto wa jirani aliye darasa la tatu aandike alichosikia. Akiandika ulivyokusudia, umepata. Wewe ukitaka “Phatmah” naye akaandika “Fatma”, msikilize yeye: Kiswahili husomwa kinavyoandikwa.

4. Vua mapambo. Neema haihitaji “h” mwishoni, wala Baraka “k” ya pili. Herufi isiyotamkwa ni mzigo, na atakayeubeba ni mtoto, kila atakapoulizwa, “Jina lako linaandikwaje?” Uzuri wa Neema umo katika maana yake.

5. Liandike jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi, uitie mfukoni. Siku ya kujaza tangazo la kizazi, mpe karani asome badala ya kusikia. Fanya hivyo tena unapofuatilia cheti cha kuzaliwa kwa wakala wa usajili, RITA, na siku ya kumwandikisha shule. Usiondoke dirishani kabla hujasoma herufi moja moja, hata kama foleni nyuma yako inaguna.

6. Ukishachagua, usirudi nyuma. Kadi ya kliniki, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha taifa na pasipoti vyote viseme neno moja. Vikipishana, mtoto wako akiwa mtu mzima atakaa mbele ya wakili kuapa kwamba Fatma wa cheti na Fatuma wa kitambulisho ni mtu mmoja.

Mimi nimekula kiapo hicho, kwa sababu ya “k” moja: Hadija huku, Khadija kule. Binti yangu alipozaliwa, karatasi yenye jina lake ilikuwa tayari kwenye mkoba wa kwendea kujifungua, chini ya khanga.