Linauzwa, Mwenyewe Yupo

Toyota Mark II, GX100, ya mwaka 1998, namba B, rangi ya fedha, petroli na gesi, rimu spoti, imeshushwa, AC ipo, mwenyewe yupo, bei maelewano.

Kwa mnunuzi mwenye haraka hayo yanatosha. Bahati mbaya gari hili halina la kumfanyia mtu mwenye haraka, na sipendi liangukie mikononi mwa asiyejua daraja la kitu anachokabidhiwa. Madalali wa Dar es Salaam wana sifa zao za kudumu wanazozibandika kwenye kila chuma chenye magurudumu: injini haijaguswa, inanusa mafuta, ilikuwa ya mama mmoja wa benki, ni wewe tu na mafuta yako. Mimi nitalisifu langu kwa ukweli, maana ukweli wake unazidi uongo wa dalali yeyote.

Injini imeguswa. Imeguswa na mafundi wa Ubungo, wa Tabata, wa Gerezani, na kijana mmoja wa Chalinze ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuziba pancha. Sijawahi kuelewa fahari ya kusema injini haijaguswa. Mtoto ambaye hajafikishwa kliniki tangu azaliwe hatumsifu kwa afya. Tunauliza mama yake yuko wapi. Limetunzwa, na ushahidi upo kwenye faili la risiti lenye unene wa msahafu, ambalo linauzwa pamoja na gari. Mnunuzi mmoja makini alikaa barazani kwangu akazijumlisha risiti zile kwa kikokotoo cha simu. Alipofika katikati akanitazama kwa huruma, akanywa chai yake yote, akaaga bila kuomba hata funguo.

Nasaba yake ni ya heshima. Umbo hili la Mark II lilitengenezwa Japani kuanzia 1996 hadi 2000, pamoja na ndugu zake wawili, Chaser na Cresta: mifupa ileile, sura tofauti, ili mitandao tofauti ya maduka ya Toyota kila mmoja uwe na wake wa kuuza. Chini ya boneti kuna 1G-FE, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, valvu 24, ujazo wa sisi 1,988. Majirani zangu wenye IST wana silinda nne, na wenye Vitz ndogo wana tatu. Hao hupita kituo cha mafuta wakikipungia mkono. Mimi nasimama. Wahudumu wa vituo vyote vya njia yangu wananifahamu kwa jina, wanaulizia mitihani ya watoto, na mmoja aliwahi kunipigia simu kunipa pole ya msiba kabla sijapigiwa na ndugu zangu. Sioni mwenye IST akipata mapenzi ya namna hiyo.

Huko lilikozaliwa lilinyanyaswa. Gari la Japani hukaguliwa na serikali miaka mitatu baada ya kununuliwa jipya, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama za ukaguzi huo zinauma kiasi kwamba wengi huona heri waliuze wanunue jingine. Likifikisha miaka 13, kodi yake inapandishwa. Basi likapanda meli. Hapa kwetu nako forodha inaudai uzee ushuru wake: gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, lililopita hapo asilimia 30. Jirani yetu Kenya hataki hata kuzungumza. Lililozidi miaka 8 haliingizwi. Kwa hiyo unapolitazama gari hili unatazama kitu ambacho mataifa matatu yamejitahidi, kila moja kwa sheria zake, kisiwepo barabarani. Kipo. Kimeegeshwa chini ya mwembe, na kimewaka leo asubuhi.

Japani yenyewe haijalitoka kabisa. Redio liliyokuja nayo ilikuwa ya kwao, na masafa yao ya FM huanzia 76 na enzi hizo yaliishia 90. Yetu yanaanzia 88 na kwenda mpaka 108. Palikuwa na kijipande chembamba tu ambapo sisi na Wajapani tulisikilizana, na kwa muda mrefu familia yangu iliamini mji huu una vituo vichache vya redio, tena vyote vinapenda bongo fleva. Skrini ya ramani nayo inaendelea kusisitiza kwamba tuko Yokohama. Nikikata kona ya Mwenge yenyewe inanizamisha baharini, na haijawahi kukata tamaa. Halafu yupo mwanamke ndani ya dashibodi. Kila nikiwasha gari hunieleza kwa Kijapani, kwa adabu isiyopungua, kwamba sijaingiza kadi ya kulipia barabara za haraka za kwao. Mwanzoni mke wangu alikuwa na maswali. Siku hizi yeye ndiye humwitikia.

Sasa nizungumzie nilivyoongeza, kwa sababu hapo ndipo thamani ilipo, na ndipo wanunuzi wanapokosa adabu.

Nimelishusha. Springi za kampuni zimetolewa, zikawekwa fupi, na rimu za inchi 15 zikawapisha za inchi 17 zenye tairi nyembamba. Matokeo yake gari linaonekana likikimbia hata likiwa limesimama, jambo lenye manufaa kwa sababu muda mwingi limesimama. Faida za kiafya hazijaandikwa popote, lakini nitazitaja. Tukifika kwenye tuta, familia nzima inashuka, inavuka kwa miguu, mimi napitisha gari kwa mshazari, tunakutana ng'ambo. Mtoto wangu wa mwisho alipopanda teksi ya watu kwa mara ya kwanza, alifungua mlango kwenye tuta akashuka. Dereva akadhani anaibiwa nauli. Mama mkwe, aliyekuwa akilalamika magoti, sasa anatembea vizuri, ingawa hapandi tena gari langu. Kwenye rasharasha za barabara ya Morogoro ndipo utamu ulipo: sauti za abiria zinatetemeka hivi kwamba hata anayeuliza bei ya nyanya anasikika kama anatoa wosia. Tumewahi kusameheana mambo mazito katika maeneo yale.

Mafla nayo si ya kiwandani. Mlio wake unatangulia nyumbani kama dakika tatu hivi, chakula kinapashwa moto, geti linafunguliwa, mbwa wa jirani wanajipanga. Kwa upande mwingine umeniondolea kabisa uwezekano wa kuingia kimyakimya saa sita usiku. Wanaume wenzangu wanaohangaika kuwa waume wema kwa semina na mahubiri, mimi nilimaliza shughuli hiyo kwa fundi wa kuchomelea.

Gesi ni sura yake peke yake. Silinda sita zina kiu, na kiu iliponizidi nikafunga mfumo wa gesi asilia, ileile inayotoka Songo Songo kule Kilwa na kufika Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004. Gari linawaka kwa petroli, likipata joto linahamia kwenye gesi lenyewe, bila kuniuliza. Mtungi wake, unaobeba gesi kwa mgandamizo wa baa 200, umekaa kwenye buti, na umelijaza buti lote ukabakiza nafasi ya mwavuli mmoja uliokunjwa. Watu huliita hilo kasoro. Ni kwamba hawana ndugu mikoani. Kabla ya mtungi, sikuwahi kutoka Tanga bila gunia la machungwa la binamu, mkungu wa shangazi, na kuku wawili wa mtu nisiyemjua ambao walipaswa kufikishwa Mbagala. Sasa nafungua buti, wanaona, wanakaa kimya. Undugu wetu umeimarika sana tangu ukose pa kuwekwa.

Na foleni ya gesi! Anayenunua petroli anapewa huduma kwa dakika tano na kuondoka mtupu. Kwenye foleni ya gesi nimejifunza siasa kutoka kwa madereva wa bajaji, nimesikia kesi ya mirathi ikisimuliwa mwanzo hadi hukumu, na nimesuluhisha ugomvi wa watu wawili waliokwisha kusahau chanzo chake kabla hawajafika kwenye pampu.

Mafundi ndio hazina ninayoona uchungu kuiachia. Fundi wangu mkuu hajawahi kunipa habari mbaya. Gari likigonga chini, likivuta kushoto, likitoa mlio wa mtu anayesaga meno, yeye huinama, hutikisa tairi, hunyanyuka akifuta mikono.

"Bosi, hiyo bushi tu."

Neno "tu" hilo limejenga. Kwa gia boksi alimalizia linta. Kwa rejeta na gasketi akaezeka. Alipooa alinipa kadi ya mchango, nikashtuka kidogo, maana nilidhani nimekwisha kuchangia. Mnunuzi atakabidhiwa namba yake ya simu pamoja na kadi ya gari. Fundi ameshaarifiwa, na aliuliza swali moja tu, kama huyo mtu mpya ni mfanyabiashara au mtumishi wa serikali.

Kuhusu uchumi nitasema wazi. Wenzangu wa rika langu waliweka akiba, wakanunua viwanja Chanika, na leo nusu yao wako kwenye baraza la ardhi wakibishana na watu waliouziwa kiwanja kilekile. Mimi sina kesi hata moja. Wengine waliweka fedha kwenye vikundi, mweka hazina akahamia asikojulikana. Fedha zangu najua ziliko: nikifungua boneti naziona. Hata yale matone ya oili yanayobaki chini kila nikiegesha yananifaa, kwa kuwa hakuna mpangaji mwenye akili anayeegesha gari lake jeupe juu ya doa langu. Kilomita za kwenye dashibodi ni za kuaminika kabisa hadi pale zilipoacha kuongezeka.

Askari wa usalama barabarani hulisimamisha mara nyingi kuliko magari mengine, nami nalichukulia hilo kuwa heshima. Huzunguka polepole, huinama kutazama chini, hutazama stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama. Mara wananiandikia elfu thelathini, mara wananiuliza rimu nimezitoa wapi. Deni halina, ingiza namba mtandaoni uone mwenyewe, lakini uingize mapema, kabla sijatoka tena.

Wanunuzi, nimewaona. Yupo kijana aliyekuja na fundi wake, fundi akafungua kifuniko cha oili gari likiwa linawaka, akaweka kiganja nyuma ya bomba la moshi, akakinusa, akamnong'oneza mteja wake. Kijana akaniuliza, "Mzee, bei ya mwisho?" Shikamoo hajatoa bado. Yupo aliyetaka namba D kwa bei ya namba A. Yupo aliyelipenda kweli, akalizunguka mara mbili, akapapasa spoila, macho yakamlegea. Huyo mkewe alimpigia simu papo hapo, na nikaheshimu uamuzi wa nyumba yao.

Dalali ndiye aliyeniudhi.

"Shikamoo, mzee wangu. Wewe unataka ngapi mkononi?"

"Marahaba. Milioni saba."

"Basi mimi natangaza nane na nusu, cha juu niachie. Ila mzee wangu, turudishe springi za kampuni, tutoe hiyo mafla, huo mtungi, na hizi rimu uziuze peke yake. Watu wanataka gari la kawaida."

Nilimwuliza, tukishatoa hivyo vyote, kitakachobaki atakiuza kwa jina gani. Akasema, Mark II. Nikamwambia Mark II zimejaa mjini, akauze hizo. Jioni ile nikapandisha bei hadi milioni saba na nusu, na wiki iliyofuata, fundi alipobadilisha bushi, nikaifikisha nane. Mke wangu anasema kwa mwendo huu gari litauzwa siku Mark II zitakapowekwa Makumbusho ya Taifa. Sijaona ubaya wa hilo, ila ada ya shule inalipwa Januari.

Masharti basi. Mauziano kwa wakili, fedha benki, kubadili jina TRA juu ya mnunuzi. Anayetaka kulijaribu aje na mafuta yake, na asilipeleke Jangwani kama mvua imenyesha, kwa sababu kwa kimo lilichonacho maji ya kifundo cha mguu kwalo ni bahari. Springi za asili zipo kwenye kiroba chini ya kitanda na zinakwenda na gari, lakini atakayezifunga asinijulishe. Redio ya Kijapani pia ipo. Yule mama wa kwenye dashibodi haondolewi, mafundi wamejaribu. Betri ni mpya kabisa, ina warantii, na haimo kwenye bei.