Mgeni Asiyetaka Maji

Nyumba za Tanga zina kanuni isiyoandikwa popote: anayeingia haachwi na kiu. Hujakaa sawasawa, bilauri imeshafika. Ukisema umeshiba, utaambiwa maji hayashibishi. Kanuni hiyo imetulea sote, na sikuwahi kufikiri kwamba inaweza kuua kiumbe mpaka lilipoingia nyumbani kwetu ua moja dogo, lenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, ambalo wauza maua huliita vaileti ya Afrika.

Ua lenyewe ni la kwetu. Asili yake ni huku huku, na kwao hasa ni milima ya Usambara hapo juu ya Muheza, linakoota kwenye nyufa za mawe chini ya kivuli cha msitu. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona, likampendeza, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, bwana bustani wa Herrenhausen kule Hannover, akalipa jina la kisayansi la Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles wakaanza kulizalisha kwa aina nyingi, na tangu hapo limekaa kwenye madirisha ya Wazungu kama mtoto wa mjomba. Siku hizi wanasayansi wamelihamisha hata ukoo, wameliingiza kwenye jenasi ya Streptocarpus. Kwa ufupi, limesafiri, limebadili jina, limeongeza rangi, na limerudi na masharti.

La kwangu nililinunua Dar es Salaam, nikalipakata kwenye basi njia nzima. Tulipopita Segera na kukaribia Muheza, mama mmoja wa Kisambaa aliyeketi pembeni yangu aliuliza nimelinunua kwa kiasi gani. Nilipomtajia bei alicheka mpaka kondakta akageuka.

"Mwanangu, hayo si yamejaa kwenye mawe huko Amani?"

Nikamweleza kwamba msitu wa Amani ni hifadhi, haing'olewi kitu mle.

"Sawa," akasema, akijifuta machozi. "Basi mpeleke huyo Mzungu salama."

Masharti ya Mzungu yalikuwa haya. Linataka mwanga lakini halitaki jua. Linataka unyevu hewani lakini halitaki maji mengi kwenye mizizi. Chungu kiwe kidogo, maana likipewa nafasi kubwa huota majani likasahau maua. Maji yawe ya uvuguvugu, tena yasiguse majani, kwa sababu ya baridi huyaachia mabaka. Njia nzuri ni kuyaweka kwenye sahani, chungu kikae humo nusu saa, kisha yanayobaki yamwagwe. Na joto liwe kati ya nyuzi 18 na 24. Hilo la mwisho nililipuuza. Tanga mwezi wa Januari, nyuzi 24 zinapatikana ndani ya friji tu.

Nikaliweka dirisha la mashariki, jua la asubuhi likachujwa na pazia. Nikaenda kazini nikiwa na amani ya moyo. Sikujua kwamba nimemwacha mgeni nyumbani na watu wenye adabu.

Wa kwanza alikuwa mama mkwe. Kila akimaliza kutawadha, maji yanayobaki kwenye birika humwagia ua, kwa kuwa maji ya udhu yana baraka na kuyamwaga chooni ni ufujaji. Ukihesabu swala za siku, utaona mwenyewe ua lile lilikuwa linapata nini. Wa pili, dada wa kazi, aliona vumbi kwenye manyoya ya majani, akayafuta kwa kitambaa kibichi, jani moja moja, kwa uangalifu ambao vyombo vya jikoni havijawahi kuupata. Wa tatu alikuwa mume wangu. Yeye baada ya chakula cha mchana alilimiminia maji ya barafu yaliyobaki kwenye jagi, "nalo lionje baridi." Wa nne, binti yetu mdogo, aliyesikia shuleni kwamba mimea hupenda jua, alilitoa nje saa sita likapate vitamini.

Majani yakapata mabaka, mengine yakaungua kingo. Kisha likaanza kulegea lote, likainamisha shingo. Na hapo ndipo ulipo mtego wa ua hili. Mizizi ikikaa kwenye maji huoza, na mizizi iliyooza haiwezi kunywa. Kwa hiyo ua linalozama hulegea sawasawa na ua lenye kiu, huwezi kuyatofautisha kwa macho. Udongo ungewaambia ukweli, lakini nani ataingiza kidole kwenye udongo wakati mgeni anazimia mbele yake? Wote wanne walikimbia na maji. Lilipozidi kulegea, wakaongeza.

Nikabadilisha udongo, nikakata mizizi iliyooza, nikabandika karatasi dirishani kwa herufi kubwa: USIMWAGILIE. Mama mkwe aliisoma, akavua miwani, akanitazama kwa huruma.

"Mtu ana kiu, wewe unamwandikia karatasi?"

Karatasi ilidumu mpaka Alasiri. Nilijaribu kumweleza habari za mizizi, za msitu, za mawe ya Amani yasiyotuamisha maji. Alinisikiliza vizuri sana, birika mkononi, na nilipomaliza akamwaga.

Dawa ilinijia jioni moja mwezi wa Shaaban, nilipomsikia akimhimiza jirani amalize madeni yake ya saumu kabla Ramadhani haijaingia. Kesho yake nikamkuta anakwenda dirishani.

"Mama," nikasema, "hilo limefunga."

Akasimama pale pale. Birika ilibaki hewani.

"Sunna au kadha?"

"Kadha, mama. Linalipa."

Alirudisha birika chini taratibu, kwa heshima yote. "Na linafuturu lini?"

"Ijumaa, Magharibi. Nitalifuturisha mwenyewe."

Habari ilienea nyumba nzima kabla ya chakula cha usiku. Dada wa kazi akawa anapita na kitambaa chake kwa mbali. Mume wangu aliponyanyua jagi, binti yake alimpigia kelele: "Baba, limefunga!" Naye akalirudisha mezani kama mtu aliyekamatwa anakula mchana. Sayansi yote ya Hannover na Los Angeles haikuweza kufanya kile ambacho neno moja la fikihi lilifanya.

Ijumaa ilipofika nikatayarisha sahani na maji ya uvuguvugu, nikaweka chungu, nikasubiri nusu saa, nikamwaga yaliyobaki. Mama mkwe alikuja kushuhudia, ameshika tende. Nikamshukuru na kumwambia linafuturu kwa maji matupu. Akazila mwenyewe, akisema si vizuri mtu kufuturu peke yake.

Majani yakakaza. Katikati yakatokea vijani vipya, na baada ya wiki kadhaa vikachomoza vichipukizi vya maua, kisha maua yenyewe, ya zambarau, yenye kitone cha njano katikati. Mama mkwe sasa ndiye mlinzi mkuu. Mgeni akikaa karibu na dirisha na bilauri yake, huhamishwa kiti.

Ila juzi, Ramadhani imeshapita na Idi imeshaliwa, alinijia na swali lililokuwa likimsumbua.

"Mwanangu, kadha gani hii haiishi? Sisi wote tumeshamaliza."

Nikamweleza historia: Mjerumani, baba yake, Hannover, Los Angeles, mwaka 1892 mpaka leo. Alihesabu kwa vidole, vikamwishia, akaacha.

"Miaka yote hiyo kwa Wazungu, halikufunga hata siku moja?"

Akalitazama ua kwa masikitiko.

"Basi liache lilipe."