Muulize Bi Kiroboto: Mteja ni Mfalme, Mdomo Jalala

Wiki hii barua karibu zote zimetoka kwa watu wa biashara. Inaonekana wateja wamekumbuka kulipa, na sasa wanataka wasikilizwe pia.

*Bi Kiroboto, shikamoo. Nina saluni ya kiume Magomeni. Kuna mzee huja kila Jumamosi kunyoa ndevu. Akishakaa tu kwenye kiti anaanza: mwanamke hafai kumiliki ardhi, mwanamke akishika hela nyumba imekwisha. Mtaji wa saluni hii umetoka kwenye vikoba vya mke wangu. Hela ya mzee naitaka, maneno yake yananichoma. Nimfukuze? Kinyozi, Magomeni.*

Marahaba, mwanangu. Kwanza weka wembe chini, ndipo uendelee kusoma.

Sasa mtazame huyo mzee wako. Kafumba macho, kalaza kichwa, koo kakuachia wewe, na bado anamsema vibaya mama aliyekununulia hicho kiti. Ujasiri wa namna hiyo hata jeshini haupatikani kirahisi. Ukimfukuza utakuwa umempa hadithi ya kijiweni ya mwaka mzima, namna alivyotimuliwa kwa kusema ukweli. Mwache akae. Amelipia ndevu. Kukubaliana naye hakujaandikwa kwenye ile bei uliyobandika ukutani, kwa hiyo usimpe bure. Nyie vinyozi mna ugonjwa wa kuitikia "kweli kabisa mzee" kwa kila kinachotamkwa, ndiyo maana nchi hii ina wazee wengi wanaodhani wamekubalika.

Subiri wembe ufike chini ya kidevu, pale ambapo hata waziri hunyamaza. Kisha sema taratibu: "Mzee wangu, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zimempa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume." Atataka kujibu. Mwambie: "Tulia mzee, nisije nikakukata." Hayo si matisho, ni usalama kazini.

Bei usimpandishie. Ukianza kutoza ushuru wa upumbavu utajikuta unawadai hata wakwe zako, na hutapata wa kukulipa.

Ila kuna jambo hukuniandikia. Nani anafanya skrabu hapo kwako? Kama kuna binti anayemsugua uso, na maneno yale mzee anamwelekezea yeye, kwamba wasichana wa kazi hizi tunawajua, basi hayo si maoni tena. Huyo binti hakuajiriwa kusikiliza hayo, na wewe ndiye mwenye kiti. Mnyanyue mzee, povu likiwa bado shavu moja, mwonyeshe mlango. Hela ya nusu ndevu msamehe.

*Bi Kiroboto, nachapa fulana Kariakoo, mtaa huu huu wa Msimbazi, na mimi ni Simba damu. Mwezi huu nimepata oda mbili. Moja ni ya fulana za watani wa Jangwani zenye maneno ya kutucheka. Nyingine ni ya bwana anayetaka fulana zinazokashifu watu wa kabila fulani, eti ni utani tu. Anasema nikikataa nitakuwa nimembagua. Mchapaji.*

Hiyo ya Yanga chapa leo. Yanga ni ya mwaka 1935, Simba ya 1936. Wametaniana kabla hujazaliwa wala mashine yako haijaundwa. Chukua kianzio kikubwa, na herufi zinyooshe vizuri, maana wakikuta kosa la tahajia watasema ni hujuma.

Huyo wa pili mwambie hapana, wala usitafute kisingizio cha wino kuisha. Na kwa kuwa anapenda neno ubaguzi, msimulie ya Belfast. Mwaka 2014 mteja mmoja alikwenda kwa waoka mikate wa Ashers, akaagiza keki yenye maneno ya kuunga mkono ndoa za jinsia moja. Wenye duka, Wakristo, wakakataa. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza, na mwaka 2018 majaji wote watano wakawapa haki waokaji: hawakumkataa mtu, walikataa maneno, na maneno yale wangemkatalia mteja yeyote yule. Msiniandikie kuhusu keki yenyewe, najua mnavyopenda ugomvi. Ninachokitaka mimi ni kile kipimo.

Jipime nacho: fulana hizo hizo angeziagiza mjomba wako, ungechapa? Kama jibu ni hapana, humbagui mtu, unachagua kinachotoka mikononi mwako. Kama mjomba ungemchapia, basi bwana huyu ana haki ya kukulaumu, na mjomba wako ana haja ya kuzungumza na mimi. Akirudi anataka fulana nyeupe zisizo na neno, muuzie. Utani anaouita utani akaandike mwenyewe kwa kalamu nyumbani kwake, tuone atavaa nani.

*Bi Kiroboto, mimi ni mama lishe. Mteja mmoja huja na kofia ya chama nisichokipenda, anahubiri tangu chai hadi wali. Nimnyime chakula? Mama Lishe, Buguruni.*

Ibara ya 13 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 imetaja maoni ya kisiasa miongoni mwa mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo. Ibara hiyo inawalenga wenye mamlaka zaidi kuliko wenye masufuria, lakini njaa haina kadi ya chama. Mpakulie kama wenzake, na nyama usimpunguzie kwa siri, wateja wa siasa huhesabu. Kelele zikizidi, mwambie benchi ni la kulia, mkutano uko uwanjani.

Kabla ya hapo lakini, fungua daftari la madeni. Kama jina lake limo, ninakusihi umsikilize kwa makini, umsifu hata kofia, mpaka alipe. Kama halimo, niandikie tena unieleze: wali maharage hapo kwako ni shilingi ngapi, na unakopesha?